Dhambi za Babu Haziungamwi na Mjukuu

Ikifika katikati ya Desemba, mabasi ya Dar es Salaam hupanda Moshi yamejaa hadi kwenye korido. Watoto wa Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, maeneo ya Wachaga mlimani Kilimanjaro, wanarudi kwenye vihamba vya baba zao, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba, kula Krismasi, kuona wazee na kusafisha makaburi. Miaka ya karibuni likizo hiyo imepata ratiba ya ziada: semina na mikesha ya kuvunja laana za ukoo, yaani vifungo vinavyodaiwa kutoka kwenye dhambi za wahenga. Tuliizoea kama shughuli ya makanisa ya kilokole ya mijini, Arusha na Moshi. Sasa imeingia kwa Wakatoliki, katika vikundi vya sala, katika makundi ya WhatsApp ya koo, hata katika baadhi ya mikutano ya jumuiya ndogo ndogo. Ukiwauliza wengi watakuambia huu ni uamsho, kwamba matunda ya Jubilei ya 2025 iliyofungwa tarehe 6 Januari 2026 yameanza kuonekana. Naheshimu kiu ya watu hao, lakini tafsiri hiyo siikubali hata kidogo. Kwa namna mikesha hii inavyoendeshwa, inamfundisha Mkatoliki kutoamini tena kwamba Ubatizo na Kitubio, yaani maungamo kwa padre, vinaondoa dhambi kweli. Tena inampa mlango wa kutokea pale ambapo sakramenti ingemtaka akiri kosa lake mwenyewe na kurudisha alichochukua.

Kwa asiyewahi kuhudhuria, kazi huanza na karatasi. Dada mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha ya kwake, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Ilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula, upande mmoja ukoo wa baba, upande mwingine ukoo wa mama, vizazi vinne kwenda juu. Kando ya kila jina kulikuwa na nafasi ya kujaza dhambi inayojulikana: uchawi, tambiko, ulevi, uzinzi, kuua, kutoa mimba. Pale ambapo hakujua kitu alielekezwa aandike “haijulikani, ivunjwe”. Kwenye nafasi ya bibi mzaa baba alikuwa ameandika “tambiko”. Bibi huyo ndiye aliyewafundisha watoto wa nyumba ile Baba Yetu na Salamu Maria, na alizikwa na rozari mkononi. Dada alinieleza kwamba aliandika hivyo kwa sababu mwongozaji alisema haiwezekani bibi wa Kichaga wa zama zile asiwe ametambikia. Sikuwa na hamu ya kubishana naye siku ile, maana alikuwa amepoteza kazi na mchumba katika mwaka mmoja, na mtu wa namna hiyo hushika chochote. Ila karatasi ile sikuisahau. Orodha ndefu ya dhambi, na hata moja haikuwa ya mwenye kuiandika.

Wapo wanaodhani kwamba mafundisho haya yamechimbuka kwenye udongo wetu, na kwamba mapadre wanaoyapinga wamelewa Uzungu. Historia haisemi hivyo. Wazo la kuchora mti wa ukoo na kuombea kila tawi lipone lilienezwa kwa sehemu kubwa na Kenneth McAll, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Uingereza, ambaye hakuwa Mkatoliki. Kitabu chake kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikawavutia baadhi ya mapadre na wahubiri wa Karismatiki, uamsho unaosisitiza karama za Roho Mtakatifu, huko Marekani na Ulaya, na kutoka huko semina zikasambaa duniani. Maaskofu walioliona tatizo mapema nao ni wa huko huko. Wa Ufaransa walitoa angalizo mwaka 2007, wa Poland wakakataza mwaka 2015 Misa na ibada zenye nia ya kuponya vizazi, na Novemba 2024 tume ya mafundisho ya maaskofu wa Hispania ikatoa waraka unaoeleza kwa kina kwa nini desturi hiyo haiendani na imani Katoliki. Kiini cha hoja yao ni rahisi kukitaja: dhambi ni tendo la hiari la mtu, na hiari hairithiwi.

Turudi kwenye yale tuliyofundishwa katekisimu, maana naona ndiyo yanayosahaulika kwanza. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika kikao cha Juni 1546, ulifundisha kwamba ndani ya waliozaliwa upya kwa Ubatizo hakibaki kitu ambacho Mungu anakichukia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inarudia jambo hilo katika namba 1263: Ubatizo huondoa dhambi zote, ile ya asili na zote za binafsi, pamoja na adhabu zake zote. Ibada yenyewe ya Ubatizo ina sala ya kupunga pepo, na mbele ya kisima mbatizwa, au wazazi na wasimamizi wake, humkataa shetani na mambo yake yote na fahari zake zote. Kila Mkesha wa Pasaka tunasimama na mishumaa yetu tukirudia ahadi hizo. Mkatoliki anayeambiwa miaka thelathini baadaye kwamba bado amefungwa na agano la babu yake anaambiwa, kwa lugha nyingine, kwamba siku ile kwenye kisima cha parokia hakikufanyika kitu.

Dhambi tunazotenda baada ya Ubatizo zina dawa yake. Jioni ya Ufufuko Yesu aliwavuvia mitume na kuwaambia, “Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa” (Yohane 20:23). Trento, mwaka 1551, ilipanga wazi kile ambacho mwenye kutubu analeta: majuto, maungamo na malipizi. Padre naye, kwa mamlaka ya Kristo, anatamka ondoleo. Mafundisho haya yote yanamhusu mtenda dhambi mwenyewe. Hakuna padre anayeweza kuniondolea dhambi ya mtu mwingine, awe hai au amekufa, kwa sababu mimi siwezi kuijutia kwa niaba yake. Naweza kuihuzunikia. Kujuta ni kugeuza nia iliyotenda, na nia ile haikuwa yangu. Ndiyo maana mwanzoni mwa Misa tunapiga kifua tukisema “nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana”, wala hatumtaji mtu wa nyumbani.

Wanaotetea mikesha hii wana Biblia mkononi, nao wanastahili kujibiwa kwa Biblia. Andiko lao kuu ni Kutoka 20:5, Mungu anayewapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Ni andiko zito, halipaswi kupitiwa juu juu. Lakini sentensi haiishii hapo. Inasema kizazi cha nne “cha wanichukiao”, kisha inaendelea na rehema kwa maelfu elfu ya wampendao. Mkazo wote uko kwenye rehema inayoizidi adhabu kwa mbali. Zaidi ya hapo, watu wa Israeli wenyewe walikuja kulitumia andiko hilo kama tunavyolitumia sisi, kama kisingizio, wakiwa uhamishoni Babeli na methali yao kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu aliwakatisha kwa kinywa cha Ezekieli. Sura nzima ya 18 ni jibu kwa methali hiyo: “Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake.” Na wanafunzi walipomuuliza Yesu kuhusu kipofu wa tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Swali lile ndilo linalowauzia watu semina hadi leo, na Bwana alikwisha kulijibu.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, nami nimeisikia kwa vijana waliosoma: mbona dhambi ya Adamu tunairithi? Ikiwa ile inapita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, ya babu inashindwaje? Katekisimu inajibu katika namba 404 na 405. Dhambi ya asili inaitwa dhambi kwa kulinganisha tu. Ni hali tuliyoipokea, si tendo tulilolifanya. Ni upungufu wa ule utakatifu wa mwanzo ambao Adamu aliupokea kwa ajili ya ubinadamu wote. Hakuna babu mwingine yeyote aliyepewa nafasi hiyo. Mzee wa Kilema, huko kwetu mlimani, aliyeua mtu, kama yupo, alitenda kosa kubwa sana, lakini hakusimama kwa niaba ya uzao wake mbele za Mungu. Kisha tazama hoja inakoelekea. Hata hiyo ya Adamu, inayotufikia sote, inaondolewa kwa maji kidogo na maneno machache katika dakika moja. Ikiwa ya Adamu haibaki, ya mzee wa Kilema itabakije?

Hapa ndipo mtu mwenye maumivu anaponiuliza, basi mbona nyumbani kwetu wanaume wote wanakufa kwa pombe? Mbona mabinti wote wa mama yetu ndoa zao zimevunjika? Swali hili sitaki kulipita haraka, kwa sababu Kanisa halikani kwamba dhambi ya mmoja inaacha majeraha kwa wengine. Linakiri hivyo kwa sauti. Katekisimu, namba 1264, inasema kwamba hata baada ya Ubatizo hubaki matokeo ya dhambi katika maisha haya: mateso, magonjwa, kifo, udhaifu wa tabia, na ule mvuto wa kutenda mabaya. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ambayo baba anarudi usiku amelewa na kumpiga mama anabeba kitu. Amejifunza namna ya kuogopa, namna ya kunyamaza, na mara nyingi namna ya kunywa. Hata mwili una urithi wake, kama wanavyojua wanaouguza watoto wenye selimundu. Mambo haya yote ni kweli, na yote yana tiba zake: daktari, mshauri, kuacha pombe kwa msaada wa wenzako, neema ya sakramenti inayomtia mtu nguvu siku baada ya siku, Mpako Mtakatifu kwa aliye mgonjwa. Kosa linaingia pale jeraha linapoitwa hatia. Jeraha linatibiwa, tena polepole. Hatia inaondolewa, tena mara moja. Ukivichanganya, mgonjwa atajiona mwenye dhambi asiyoijua, na mlevi atajiona mgonjwa wa dhambi ya mwingine. Wa kwanza anaelemewa na mzigo usio wake, wa pili anapata pa kuutua ulio wake.

Kuna hoja nyingine inayoletwa na wasomaji wa nyaraka za Kanisa. Wanasema, mbona Papa Yohane Paulo II mwenyewe, tarehe 12 Machi 2000, aliomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa wa karne zilizopita? Je, hakuungamia wahenga? Hapana. Siku chache kabla ya tukio hilo Tume ya Kimataifa ya Kitaalimungu ilitoa waraka unaolifafanua, na ndani yake imo tofauti inayotusaidia sana huku kwetu. Wajibu wa mtu kwa tendo lake, yaani hatia yenyewe, unakoma anapokufa na haupiti kwa kuzaliwa. Kinachoweza kubaki ni mzigo wa madhara na wa kumbukumbu, na huo waliopo wanaweza kuuchukua kwa kukiri ukweli na kurekebisha. Papa hakuomba aondolewe dhambi za watu wa karne ya 13. Alikiri hadharani kwamba yalitendwa, akamwomba Mungu msamaha kwa ajili ya waliotenda, na akaahidi kwa niaba ya walio hai kwamba hayatarudiwa.

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayopigiwa makofi zaidi: kwamba huu ni utamaduni wetu, na kwamba Kanisa linalokataa kuvunja laana halimjui Mwafrika. Nimekwisha kusema mti ule wa ukoo ulikotoka. Lakini tuseme ni wetu. Je, Wachaga walishughulikaje na kosa? Aliyemkosea mwenzake alipeleka jani la sale. Wengi wetu tumeliona, jani lile refu la kijani linalopandwa mpakani mwa kihamba na kwenye makaburi, likiwa limefungwa fundo. Lilikwenda na mtu, kwa mtu, kwa kosa linalojulikana. Wazee walikaa, kosa likatajwa, fidia ikakubaliwa, ndipo ikanywewa mbege. Hata pale palipohofiwa laana ya chungu, ile inayotamkwa kwa kutumia chungu, ilijulikana nani alidhulumiwa na nini kilichukuliwa. Sitaki kubatiza kila kitu cha mila, maana tambiko kwa mizimu ni jambo ambalo Mkristo aliliacha, na aliliacha kwa sababu. Lakini kwa habari ya kosa na msamaha, mzee wa sale yuko karibu zaidi na kiti cha maungamo kuliko mwongozaji wa mkesha. Wote wawili, mzee na padre, wanauliza nani, nini, na umefanya nini kurekebisha. Mkesha haumuulizi mtu lolote kati ya hayo. Kosa halijulikani, aliyekosewa hajulikani, na anayeombewa hajatenda.

Chukua kesi ambayo kila mtu wa mlimani anaijua kwa jina tofauti. Babu alisogeza mpaka. Aling'oa sale la nduguye usiku akalipanda hatua kumi ndani, au alimdhulumu mjane wa kaka yake kihamba chote kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Wajukuu wamejenga hapo. Watoto wa upande wa pili hawasalimiani nao, misiba inagawanyika, mambo hayaendi. Wajukuu wenye nyumba wanaita mkesha. Wanakemea roho ya utengano usiku kucha, wanapaka mafuta kwenye milango, wanatoa sadaka ya kufunguliwa. Asubuhi mpaka uko palepale.

Angalieni sakramenti ingefanya nini na mtu huyohuyo. Padre angemwambia kwamba dhambi ya babu ni kati ya babu na Muumba wake, wewe huna hatia nayo. Kisha angemuuliza, je, unajua kwamba ardhi hii ni ya shangazi zako? Tangu ulipojua umefanya nini? Hapo mtu anaanza kutoa jasho. Namba 1459 ya Katekisimu inaeleza kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini halirekebishi madhara yote iliyoyaleta. Anayetubu anatakiwa kufanya anachoweza: kurudisha kilichoibwa, kurejesha jina jema la aliyesingiziwa, kulipa fidia. Babu alikufa, lakini eneo halikufa. Aliye hai na anayejua akaendelea kuling'ang'ania, huyo sasa ana jambo lake mwenyewe la kuungama, na malipizi yake yana vipimo vya mita. Mtaniwia radhi nikisema kwamba naamini hii ni sababu mojawapo ya mikesha hii kupendwa na wenye uwezo. Ni nafuu kuliko kurudisha shamba.

Liko pia jambo linaloniumiza kuliko hayo, nalo ni namna tunavyowageukia wafu wetu. Mwaka wa Jubilei waumini wengi walijitaabisha kupata rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, kwa ajili ya marehemu wao. Waliungama, wakapokea Komunyo, wakasali kwa nia za Baba Mtakatifu, wakafanya hija kwenye makanisa yaliyoteuliwa na maaskofu wao. Walifanya sawasawa na alivyofanya Yuda Makabayo, aliyechanga drakma elfu mbili zipelekwe Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani (2 Makabayo 12). Katika imani hiyo babu ni ndugu anayehitaji msaada wangu, huenda yuko toharani, akitakaswa kabla ya kuingia mbinguni, nami namtolea Misa na sala kwa upendo. Katika mkesha wa laana babu huyohuyo ni adui anayenifuata, jina lake linakemewa, linachomwa kwenye karatasi, na damu yake mwilini mwangu inatajwa kama sumu. Nimewaona watu walewale wakifanya yote mawili katika Desemba moja. Asubuhi nia ya Misa kwa marehemu babu, usiku kumkana. Wahenga wetu waliopokea imani tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 wengi wao walitembea kwa miguu umbali mrefu kufuata katekisimu. Sioni haki gani tunayo ya kuwajazia fomu za uchawi tusioushuhudia.

Nikisema hayo yote, sitawalaumu waumini peke yao. Watu wanakwenda kwenye mikesha kwa sababu huko wanasikilizwa. Mwongozaji anakaa na mtu saa nzima, anamwita kwa jina, anamwekea mkono. Kwenye parokia zetu nyingi, maungamo ya kabla ya Krismasi na Pasaka ni foleni ya watu mia na zaidi mbele ya mapadre wawili waliochoka. Unapiga magoti, unataja makosa yako upesi kwa sababu wengine wanasubiri, unapewa Baba Yetu tatu, umekwisha. Dhambi zimeondolewa, sina shaka hata chembe. Lakini aliyekuja na ndoa inayokufa hakupata pa kusema. Muda huo unaweza kutafutwa. Parokia inaweza kubandika ubaoni saa za maungamo za kila wiki na kuzitunza, hasa kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba, kabla mabasi hayajafika. Mapadre wa dekania, yaani kundi la parokia jirani, wanaweza kusaidiana parokia kwa parokia, kama wengi wanavyofanya tayari wakati wa Kwaresima. Walei wenye karama ya kusikiliza na wenye mafunzo ya ushauri wanaweza kukaa na watu nje ya kiti cha maungamo, bila karatasi za ukoo na bila bahasha. Na palipo na dalili za kweli za kusumbuliwa na pepo, sheria ya Kanisa iko wazi katika kanuni ya 1172: kupunga pepo kwa ibada rasmi ni kazi ya padre aliyepewa kibali cha wazi na askofu wake, si ya kila mwenye kipaza sauti.

Viongozi wa Karismatiki katika majimbo yetu, ambao wengi ni watu wa sala kwelikweli, ndio wenye nafasi kubwa ya kugeuza jambo hili, kwa kuwa wanaohudhuria mikesha wanawaamini. Wanaweza kuacha zile karatasi kuanzia likizo ijayo na kuweka mahali pake utafiti wa dhamiri, kila mtu na ya kwake, padre akiwepo wa kuungamisha usiku kucha. Na ukoo unaojua kwamba kuna mpaka uliosogezwa, waite upande wa pili kabla ya Krismasi, wakae na wazee wanaokumbuka masale yalikuwa wapi, wapime.